Si hewa, ni maji

Juzi tena. Nimempigia mteja kumwambia bakuli lake limepasuka tanurini, naye kwa upole wa mwalimu akanijibu: "Hukuukanda udongo vizuri, hewa ilibaki ndani." Kaiona kwenye video. Wanafunzi wangu nao huja na imani hiyohiyo, na mimi nimechoka.

Hewa hailipui chungu. Niliwahi kufinyanga tufe, tupu ndani, nikaliziba bila kuacha hata tundu la sindano. Likakaa rafuni wiki tano, nikalichoma. Likatoka zima, liko mezani kwangu, limelalia risiti zisipeperuke. Hewa ikipashwa moto hadi nyuzi 900 hutanuka kama mara 4 tu, na udongo mkavu una vinyweleo vya kuipitisha. Balaa ni maji. Yakigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 hudai nafasi zaidi ya mara 1,600. Chukua kitako kinene, kikavu kwa nje, kibichi katikati, upandishe moto harakaharaka: utausikia mlio ukiwa nje ya karakana. Na vipande havichagui, huvunja na vyombo vya jirani.

Wanaochoma uwanjani kwa kuni na nyasi wanalijua hili kuliko hiyo video. Ndiyo maana utawaona wakivipasha vyungu pembeni ya moto kwanza, na udongo wao wameuchanganya na mchanga au vigae vilivyotwangwa, mvuke upate njia.

Basi kukanda ni kwa nini? Unyevu ulingane, vijiwe vionekane, na gurudumuni ukuta usikuyumbie mkononi kwa sababu ya kiputo cha hewa. Yatosha.

Shida yangu ni kujua chombo kimekauka lini. Mimi hukigusisha shavuni. Kikiwa baridi, bado. Lakini masika ya Dar es Salaam shavu hunidanganya: hewa yenyewe imelowa, maji hayatoki, chombo hakipoi, nami nadhani tayari. Siku hizi tanuri langu la umeme hulala kwenye nyuzi 80, mlango nimeuachia upenyo. Hata hivyo mwezi uliopita, katika vikombe sita vya udongo mmoja, vya siku moja, kimoja kilipasuka. Nilivigeuzageuza vipande vyake jioni nzima. Mwenye kikombe nilimwambia ni unyevu, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.