Mbwa wako hakiri kosa, anakuogopa

Wiki hii nimeambiwa mara tatu: "Daktari, huyu anajua kabisa alichokifanya. Nikifungua mlango tu, anabana mkia na kukimbilia chini ya meza." Wa tatu alikuwa baba kijana aliyekuja na mkewe, mtoto mchanga, binti wa miaka 5, na mtoto wa mbwa wa wiki 10 waliyekaa naye siku 12. Wote walionekana hawajalala. Na hukumu ilikuwa imekwisha kupitishwa nyumbani: pua ilikandamizwa kwenye mkojo, sauti ikapandishwa, mbwa akafungiwa bafuni.

Sikubishana naye. Nilichukua kikombe nikamwaga maji kidogo katikati ya chumba, mbwa akiwa pale pale ananusa viatu vyangu. Nikamwomba baba asimame kando ya yale maji, ayanyooshee kidole na amtazame mbwa kama anavyomtazama nyumbani, bila kusema neno. Masikio yakalala nyuma. Mkia ukaingia katikati ya miguu, mguu mmoja wa mbele ukanyanyuka, ulimi ukapita puani mara mbili upesi upesi, na macho yakakwepa mpaka weupe ukaonekana pembeni. Halafu akajilaza ubavu, na matone machache ya mkojo yakamtoka. Yule binti akavuta shati la baba yake: "Baba, lakini maji kamwaga daktari."

Kile mnachokiita uso wa hatia ni hicho. Ni ishara ambazo mbwa huonyeshana wao kwa wao mmoja anapokasirika: sina ugomvi nawe, niache. Anakusoma wewe, mabega yako, hatua zako, jinsi unavyovuta pumzi. Kidimbwi alichokikojoa saa mbili zilizopita kilikuwa nafuu kwake, akaenda zake kulala. Kinageuka balaa pale tu kinapokutana na wewe mlangoni, na mbwa hujifunza mkutano huo haraka sana.

Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alichapisha jaribio alilolifanya kwa mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kitu kitamu, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa amekula au hakula, na mara nyingine aliambiwa uongo. Uso wa hatia haukufuata kosa, ulifuata kukemewa. Waliouonyesha zaidi ni wale ambao hawakula chochote na bado wakakemewa.

Naomba nisieleweke vibaya. Jaribio lile lilipima sura, halikuingia moyoni mwa mbwa, na mimi sisemi mbwa hana hisia. Nimewahi kupokewa mlangoni na mbwa mzee aliyeinamisha kichwa kabla sijaiona ndala iliyotafunwa. Maelezo yapo: amejifunza kwamba ndala iliyochanika pamoja na mimi huleta kelele. Maelezo hayo hunitosha siku nyingi, si siku zote. Lakini hata tukikubali kwamba mbwa mzima anaona haya, mtoto wa wiki 10 hawezi kukizuia kibofu chake kwa haya. Misuli yenyewe bado haijakomaa.

Kinachoniudhi zaidi si imani yenyewe, ni kazi inayofanya ndani ya nyumba. Ukimwadhibu kwa jambo la saa mbili zilizopita, hajifunzi kwamba zulia si mahali pa kukojoa. Anajifunza kwamba mtu anayerudi nyumbani ni hatari, na kwamba mkojo ukionekana mbele ya watu ni hatari. Basi unamtoa nje akiwa kwenye kamba, anazunguka, ananusa, hakojoi, kwa sababu wewe upo hapo na unamtazama. Mnarudi ndani. Anapita nyuma ya pazia, anakojoa. Nawe unasema, "Ona jeuri hii!" Hakuna jeuri. Huyo ni mwanafunzi aliyelishika somo lako sawasawa, na somo lilikuwa baya.

Na pale kuna watoto. Mbwa anayeogopa mkono unaoshuka kutoka juu ataunguruma siku moja mkono huo ukiwa wa mtoto. Ataadhibiwa kwa kuunguruma, na mngurumo ndio ilani yake. Akiuacha, anabaki na meno. Nimewapokea mbwa wa miezi 8 ambao familia inaapa kwamba "walibadilika ghafla". Nikiuliza mmoja baada ya mwingine, historia huanzia kwenye pua iliyokandamizwa kwenye mkojo.

Kuhusu kibofu nitasema upesi. Hesabu inayozoeleka ni umri kwa miezi, ongeza moja, ndizo saa anazoweza kujizuia. Kwa usiku akiwa amelala, inakaribia ukweli. Kwa mchana naiona imewapa watu matumaini mengi mno: akiwa macho na anacheza na watoto, mtoe kila baada ya nusu saa hivi. Mtoe akiamka, akila, akimaliza kucheza. Mpe zawadi pale pale nje, sekunde ile anapomaliza. Usingoje mrudi mlangoni, kwa sababu hapo unamlipa kwa kurudi ndani. Safisha kwa sabuni yenye vimeng'enya vya kuvunja mkojo, na uepuke yenye amonia, ambayo kwa pua yake inafanana na mkojo wenyewe.

Yale matone yaliyomtoka chumbani kwangu ni habari nyingine, na hayatibiwi kwa kumtoa nje. Ni mkojo wa unyenyekevu, na kila ukiukemea unaongezeka. Chuchumaa, geuka upande, usimwinamie, mwache aje mwenyewe. Mfundishe mtoto akae chini kwanza ndipo amguse. Wengi huuacha wakikua, ilimradi nyumba iache kumtisha.

Kuna ushauri mmoja nimeutoa kwa miaka na sasa nimeuacha. Nilikuwa nawaambia watu: ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi kwa nguvu ili ashtuke na kuacha. Baadhi ya watoto wa mbwa hawajali, wanakatiza tu na kutolewa nje. Lakini wengi mno wamerudi kwangu wakiwa wamejifunza kwenda nyuma ya kochi. Sasa nasema mbebe kimya umtoe, hata kama njia nzima itakuwa na matone. Hata huko kubeba nina wasiwasi nako kwa mbwa mwoga, na kwake naona afadhali umwite kwa sauti ya kawaida mtoke pamoja.

Mama alikuwa na swali lake. Kila akiamka kunyonyesha, mbwa naye anaamka na kulia, na mtoto anashtuka. Nikamwambia baba kwamba safari hiyo ya usiku ni yake. Kizimba kihamie kando ya kitanda, upande wake yeye. Mtoto mchanga akianza tu kujinyonganyonga, baba atoke na mbwa bila taa kali, bila mchezo, bila mazungumzo, mbwa akojoe, arudi kulala. Akasema, "Na nikikuta ameshakojoa humo ndani?" Badilisha kitambaa, nikamjibu, na kesho utoke mapema kidogo.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu kuna wanaonipigia simu kunieleza sura ya mbwa wao kwa dakika kumi. Mbwa aliyekwisha kushika usafi akianza tena kukojoa ndani, au akikojoa kidogo kidogo mara nyingi, au akijikakamua, au ukiona damu, msiitazame sura yake mkitafuta ukaidi. Kinga mkojo wa asubuhi katikati ya kukojoa, kwenye chombo safi na kikavu, ufunike, uniletee mapema siku hiyo hiyo, na uje na mbwa mwenyewe.