Kabla Mwanaanga Hajavua Barakoa

Januari 14, 2015, ving'ora vililia katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Shinikizo lilionekana kupanda katika mfumo wa maji ya kupozea, kisha katika hewa ya ndani, na dalili hizo zikifuatana huashiria kwamba amonia inayozunguka katika mabomba ya nje huenda imepenya hadi wanapoishi watu. Barry Wilmore, Terry Virts na Samantha Cristoforetti walihamia upande wa Warusi, waliko wenzao watatu, na mlango ukafungwa.

Mimi hupima gesi viwandani, amonia ikiwemo, na kisa hiki huwasimulia mafundi wapya kila mwaka. King'ora kile hakikuwa kimepima amonia hata kidogo. Kilitokana na takwimu za shinikizo, na amonia ilikisiwa tu. Kukimbia kwa kukisia ni sawa kabisa, kwani amonia ikifika sehemu 300 katika milioni moja za hewa huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kuvua barakoa kwa kukisia ndiko kusikokubalika. Kwa hiyo baadaye siku hiyohiyo baadhi yao walirudi wakiwa na barakoa usoni, wakapima hewa yenyewe, wasikute dalili ya amonia. Kumbe iliyoharibika ilikuwa kadi ndani ya kompyuta.

Kazini kwangu navunja ncha mbili za mrija wa kioo, nauchomeka kwenye pampu ya mkono, navuta hewa na kutazama rangi ya njano ikigeuka buluu kadiri amonia inavyopita. Kwa kuwa amonia ni nyepesi kuliko hewa, hapa duniani naunyanyua mrija karibu na dari. Katika mzingo msaada huo haupo: gesi haipandi wala haizami, na kinachoichanganya ni feni. Moto unapogunduliwa, feni huzimwa ili usiendelee kulishwa oksijeni, na hapo hewa mbaya inaweza kukaa imejikusanya mahali pamoja huku hatua mbili mbele hewa ikiwa safi. Kipimo cha sehemu moja hakisemi lolote kuhusu kona ya pili, na nasisitiza hili kwa sababu ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi hata viwandani.

Baada ya moto hutafutwa hasa monoksidi ya kaboni, sianidi ya hidrojeni na kloridi ya hidrojeni. Februari 23, 1997, mtungi wa kuzalisha oksijeni uliposhika moto katika Mir, kituo cha anga cha Warusi, watu sita walizingirwa na moshi mzito. Moshi huonekana ukipungua. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Tena seli nyingi za kuipima, yaani vihisi vilivyo ndani ya kifaa, hudanganywa na hidrojeni, ndiyo maana namba ikikataa kushuka, fundi huihakiki kwa kifaa cha pili, na wakati wote huo barakoa hubaki usoni.