Je, wajua? Maiki isiyonasa sauti ina ukimya wa aina mbili

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, mwimbaji wa kwaya anayeishi Mbagala Rangi Tatu alinipigia simu. Kanunua maiki ya kondensa Kariakoo, kaazima saundikadi (kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta), katundika mablanketi ukutani, kafungua programu ya kurekodi kwenye laptopu. Anaimba, kipimo hakisogei.

"Kaka, taa ya 48 inawaka vizuri tu, lakini maiki imekufa."

Nikamwambia avae hedifoni, apandishe gaini, yaani kiwango cha kukuza sauti, mpaka mwisho, kisha anijibu swali moja: je, ni kimya kabisa, au kuna "shhh" kama ya redio iliyokosa stesheni?

Natamani kila mwenye studio ya chumbani, kuanzia Tandale mpaka Gongo la Mboto, alijue swali hili, kwa sababu linakata tatizo vipande viwili. Kila kikuza sauti, kikiwemo cha ndani ya saundikadi, kina "shhh" yake, hata kama hakuna kilichochomekwa. Ukiiona "shhh" hiyo inatikisa kipimo cha programu, ujue kuwa njia ya kutoka saundikadi hadi kwenye kompyuta ni nzima. Ugonjwa uko upande wa maiki: waya wake, umeme wake, au maiki yenyewe. Lakini mstari wa sauti kwenye programu ukinyooka kama uliopigwa kwa rula na gaini iko juu, basi kompyuta haisikilizi pale unapodhani inasikiliza. Hapo kuchomoa na kuchomeka maiki ni kujichosha bure.

Yule kijana alisikia "shhh". Kwa hiyo tukaiacha laptopu, tukarudi kwenye maiki.

Maiki hazifanyi kazi kwa namna moja. Zile za dainamiki, kama Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, ndani yake mna koili ndogo iliyoshikamana na utando, karibu na sumaku. Sauti ikisukuma utando, koili inacheza na umeme unazaliwa, kama dainamo ya baiskeli inavyowasha taa bila betri. Haihitaji kupewa chochote. Kondensa ni tofauti kabisa. E. C. Wente aliibuni Marekani mwaka 1916 kwa kuweka utando mwembamba mbele ya bamba la chuma. Utando ukitikisika, umbali kati ya viwili hivyo hubadilika, na badiliko hilo ndilo husomwa kama sauti. Ishara ya umeme inayotoka hapo ni dhaifu mno, haiwezi kusafiri kwenye waya, hivyo ndani ya maiki mna kikuza kidogo, nacho lazima kipate umeme. Kondensa isiyopata umeme haitoi sauti.

Umeme huo hutoka kwenye saundikadi, na hapa pana kisa ninachokipenda. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilitengeneza maiki za transista kwa ajili ya redio ya taifa ya Norwe. Studio za kule tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, basi maiki nazo zikaunganishwa hapohapo. Ndiyo sababu kitufe cha saundikadi yako hadi leo kimeandikwa 48V. Kwa Kiingereza umeme huo umepewa jina la mzimu, maana hauna waya wake: unapanda kwa nyaya zilezile zinazoshusha sauti, kupitia pini namba 2 na namba 3 za XLR (ile plagi ya maiki yenye pini tatu), na kurudi kwa pini namba 1.

Basi nikamuuliza waya wake ukoje. Upande wa maiki ni XLR, akasema, upande wa pili ni jeki nene kama ya gitaa.

Tatizo lilikuwa hapo. Tundu la saundikadi nyingi hupokea vyote viwili: XLR kwenye matundu matatu ya pembeni, jeki katikati. Lakini kwa kawaida zile volti 48 hupelekwa kwenye matundu matatu tu. Taa inawaka kweli, umeme upo kweli, ila jeki haiugusi. Mtu anaweza kuitupa maiki nzima kabisa kwa ajili ya waya. Na hata waya wa XLR pande zote, risasi ya kulehemu ikiachia kwenye pini moja, hasa hapa pwani ambako chumvi ya hewani hula vyuma, utakupa shida hiyohiyo. Jaribu waya mwingine kabla ya kuilaumu maiki.

Ule ukimya mwingine, wa mstari ulionyooka, sababu zake ni nyingi lakini nyepesi. Tangu mwaka 2018, Windows 10 na macOS Mojave zinadhibiti ni programu zipi ziruhusiwe kusikia maiki. Siku ya kwanza ukibofya "usiruhusu" kwa haraka, programu yako itarekodi ukimya mtupu bila kukuonya, kwa hiyo fungua mipangilio ya faragha uirekebishe. Kisha tazama traki, yaani mstari wa programu unaorekodia: maiki iko tundu la 1, traki inasikiliza tundu la 2? Kitufe chake chekundu cha kurekodi kimewashwa? Na kwa vile maprodyuza wengi wa Bongo Fleva na singeli tunatumia programu ya FL Studio, ieleweke kwamba toleo lake dogo, Fruity Edition, halirekodi sauti kutoka nje. Uwezo huo unaanzia Producer Edition. Nimeona watu wakihangaika usiku kucha na draiva (programu inayoendesha saundikadi) kumbe ni hilo.

Wasio na saundikadi wana mtego wao. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja dogo la hedifoni na maiki kwa pamoja, nalo linataka plagi yenye mistari mitatu, kama ya earphone za simu. Ukichomeka yenye miwili, laptopu inadhani umeleta hedifoni tu na inaendelea kutumia kimaiki chake cha ndani. Kwaruza maiki yako kwa ukucha, kisha kwaruza ubavu wa laptopu. Kinachosikika kwa nguvu ndicho kinachorekodi.

Kijana wangu alipanda daladala kurudi Kariakoo kutafuta waya wa XLR kwa XLR. Nilimsisitiza ashushe sauti ya hedifoni na kuzima 48V kabla ya kuchomeka, kwa sababu mlio wa kuwasha umeme huo unaumiza masikio. Jioni akanitumia ubeti mmoja. Sauti yake ilikuwa safi, na nyuma yake, kupita mablanketi yote, muuza kahawa alikuwa anagonganisha vikombe uchochoroni.