GPS Moja, Vifaa Vingi: Maana ya Msemaji na Msikilizaji katika Boti

Mbele ya nahodha wa boti ya faiba inayotoka Nungwi, Mkoani au Wete siku hizi huwapo vifaa kadhaa vya umeme: skrini ya ramani yenye GPS ndani yake, redio ya VHF, kipima kina kinachoonesha pia samaki, na katika boti kubwa zaidi rada au usukani unaojiendesha. Kila kimoja kati ya hivyo hufanya kazi vizuri zaidi kikijua chombo kiko wapi, lakini mara nyingi ni GPS peke yake inayolijua hilo kutoka kwenye satelaiti. Kuunganisha vifaa kwenye GPS moja maana yake ni kuipa GPS hiyo kazi ya kutangaza mahali, mwendo na mwelekeo wa chombo kupitia waya, ili vifaa vingine vipokee taarifa ileile kwa wakati uleule.

Ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali vielewane, pana lugha moja iliyokubaliwa. Iliyoenea katika boti ndogo ni NMEA 0183, ambayo ilitolewa mwaka 1983 na National Marine Electronics Association, jumuiya ya Marekani ya watu wa elektroniki za baharini. Katika lugha hii taarifa hupelekwa kwa sentensi fupi zisizozidi herufi 82. Sentensi huanza kwa alama ya dola, zikafuata herufi mbili zinazomtaja anayesema na tatu zinazotaja aina ya sentensi, kisha maelezo yaliyotenganishwa kwa mkato, na mwishoni alama ya nyota pamoja na herufi mbili za kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Sentensi iitwayo RMC hubeba saa, latitudo, longitudo, kasi, mwelekeo na tarehe. Boti iliyofungwa bandarini Malindi, Unguja, itasomeka humo takriban 0609.4,S na 03911.4,E, yaani digrii 6 na dakika 9.4 kusini, digrii 39 na dakika 11.4 mashariki. Kabla ya namba hizo hutangulia herufi moja ambayo mtumiaji haioni lakini vifaa huiangalia kwanza: ikiwa ni A, mahali palipotajwa panaaminika, ikiwa ni V, GPS yenyewe inaonya kwamba haijapata satelaiti za kutosha.

Kiini cha dhana nzima ni mgawanyo wa kazi kati ya msemaji na msikilizaji. Msemaji ni kifaa kinachotoa sentensi, na msikilizaji ni kifaa kinachozipokea bila kujibu kitu. Mfano wake ni adhana: muadhini ni mmoja, mtaa mzima unasikia, na idadi ya wanaosikia haimbadilishii maneno yake. Lakini wakisimama wawili kwenye kipaza sauti kimoja kwa wakati mmoja, hakuna atakayefahamu kinachosemwa. Vivyo hivyo, jozi moja ya waya wa NMEA 0183 inaweza kuwa na wasikilizaji kadhaa, ila haiwezi kuwa na wasemaji wawili. Kosa la kufunga pamoja waya wa kutolea wa GPS na waya wa kutolea wa kipima kina, kwa matumaini kwamba redio itapata habari za vyote viwili, huharibu sentensi za vyote viwili na linaweza kuunguza vifaa. Anayetaka kukusanya wasemaji wengi kwenda kwa msikilizaji mmoja huhitaji kifaa maalumu cha kuwapanga foleni, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kwa vitendo, waya wa kutolea wa GPS huunganishwa na nyaya za kupokelea za redio, kipima kina na rada kwa pamoja, zote zikitoka kwenye chanzo kimoja. Katika vifaa vinavyofuata matoleo mapya ya lugha hii, msemaji ana nyaya mbili za ishara, A na B, na msikilizaji anazo mbili pia; A huenda kwa A, na B kwa B. Vifaa vya zamani vina waya mmoja tu wa ishara, na wa pili ni ule wa hasi ya betri. Hapo ndipo mafundi wengi hukwama. Msemaji mwenye A na B akiunganishwa na msikilizaji wa waya mmoja, A hupelekwa kwenye waya wa kupokelea wa msikilizaji, hasi huunganishwa na hasi, na B huachwa wazi huku ncha yake ikifunikwa vizuri. B ya msemaji haipaswi kupigwa kwenye hasi, kwa sababu kufanya hivyo ni kumlazimisha msemaji kusukuma umeme bila kizuizi. Rangi za nyaya hazisaidii kitu, kwani NMEA 0183 haikuweka rangi maalumu na kila mtengenezaji amechagua zake. Kitabu cha kifaa ndicho cha kufuata, na fundi anayekisia rangi asiruhusiwe kugusa.

Kasi nayo lazima ilingane. Kasi ya kawaida ni biti 4800 kwa sekunde, na kwa kuwa kila herufi hutumia biti 10, waya unaweza kupitisha herufi 480 kwa sekunde, sawa na sentensi ndefu tano au sita hivi. GPS iliyowashiwa kila aina ya sentensi hujaza njia hiyo, na redio iliyokuwa ikihitaji RMC peke yake ikaipata kwa kuchelewa. Ni bora kuzima sentensi zisizotumika. Vifaa vya AIS, yaani vya vyombo kutambuana kwa redio, hutumia kasi ya biti 38400, kwa hiyo havikai kwenye waya mmoja na vile vya 4800. Kuhusu idadi ya wasikilizaji, kila mmoja hunyonya umeme kidogo kutoka kwa msemaji. Vitatu kwa kawaida havileti shida, na zaidi ya hapo ni busara kutumia kigawa ishara chenye nguvu zake chenyewe.

Miongoni mwa miunganisho hii yote, ninaouona wa lazima ni ule wa kutoka GPS kwenda redio. Redio nyingi za VHF zinazouzwa kwa ajili ya boti zina DSC, yaani mwito wa kidijitali, pamoja na kitufe chekundu chini ya kifuniko ambacho kikishikiliwa kwa sekunde chache hutuma mwito wa dharura kwenye chaneli 70. Mwito huo hubeba namba ya utambulisho ya chombo yenye tarakimu tisa, pamoja na mahali na saa, ikiwa tu redio inazijua. Redio isiyounganishwa na GPS, na ambayo hakuna aliyeiingizia mahali kwa mkono, itapiga kelele kwamba kuna chombo kinazama bila kusema ni wapi. Meli kubwa zinazopita nje ya visiwa vyetu zinatakiwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini kusikiliza chaneli 70 muda wote, lakini kusikia peke yake hakumfikishi mtu kwa mwenye shida, hasa katika Mkondo wa Pemba, ambako maji hukokota kwa nguvu na boti iliyozimika haikai ilipozimikia. Watu wa Unguja na Pemba, ambao wamezika jamaa zao baada ya kuzama kwa MV Spice Islander I Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012, wanaijua thamani ya kila dakika ya kutafuta. Jozi moja ya waya kati ya vifaa viwili ambavyo tayari vimenunuliwa haistahili kuahirishwa mpaka msimu ujao.

Usukani unaojiendesha hupokea kutoka skrini ya ramani sentensi zinazoueleza chombo kimetoka nje ya mstari kwa kiasi gani. Unafuata mstari huo kwa uaminifu, bila kuona mwamba, fungu wala ngalawa isiyo na taa. Mtu akiuwasha karibu na miamba ya Chumbe au kwenye milango ya kuingilia Wete, anakikabidhi chombo kwa kitu kisichotazama mbele.

Kugawana GPS moja kuna gharama yake: kosa la GPS huwa kosa la vifaa vyote. Ikiwekwa kwa vipimo vya Arc 1960, vilivyotumika katika ramani za zamani za Afrika Mashariki, badala ya WGS 84, ambavyo ndivyo vipimo vya GPS yenyewe, mahali panaweza kusogea kwa takriban mita 300, na skrini zote zitakubaliana juu ya uongo huo. Fyuzi yake ikikatika, vifaa vyote hupoteza mahali kwa pamoja. Kwa sababu hiyo GPS ya mkononi yenye betri zake, pamoja na dira iliyopimwa, hubaki ndani ya boti hata baada ya kuunganisha kila kitu. Nyaya nazo zisipitishwe karibu na dira, wala maungio yasiwekwe ngamani, kwa kuwa maji ya chumvi huila shaba kwa muda mfupi.

Kifaa cha AIS kinachorusha taarifa za chombo hakiingii katika mpango huu kwa namna hiyohiyo, kwani kanuni zinataka kiwe na kipokezi chake cha satelaiti. Upo pia mfumo mpya zaidi, NMEA 2000, ambamo vifaa hadi 50 hukaa kwenye uti mmoja wa kebo kwa kasi ya biti 250,000 kwa sekunde na vyote vinaweza kusema kwa zamu. Hauunganishwi na 0183 moja kwa moja bila kigeuzi, na kwa boti yenye vifaa vitatu vinavyofanya kazi sioni haja ya kuuhamia.

Majaribio hufanywa chombo kikiwa kimefungwa. Linganisha mahali kwenye kila skrini hadi sehemu ya mwisho ya dakika, ukikumbuka kwamba dakika moja ya latitudo ni mita 1852 na hivyo tofauti ya 0.1 ni mita 185 nzima. Zima GPS na usubiri uone kama redio itaonya kwamba imepoteza mahali. Baadhi ya redio huchukua dakika kadhaa kabla ya kuonya. Iwashe tena, kisha washa injini na pampu, maana waya ulioshikana vibaya huonekana pale umeme wa boti unapoyumba. Kitufe chekundu kisibonyezwe kwa majaribio. Ukurasa wa redio unaoonesha latitudo, longitudo na saa unatosha kuthibitisha kwamba sentensi zinafika.