Kvarken: pwani ambayo bahari inaikimbia

Nikisema nachunguza pwani za Ulaya ya kaskazini, mtu huniuliza papo hapo: bahari imepanda kiasi gani huko? Kwenye mlangobahari wa Kvarken, kati ya Ufini na Uswidi, bahari inarudi nyuma. Kinachopanda ni nchi kavu, kwa takriban milimita 8 kila mwaka.

Chanzo ni barafu. Miaka 20,000 hivi iliyopita sehemu hizi zilifunikwa na barafu yenye unene wa karibu kilomita 3, na uzito wake ukaididimiza ardhi. Barafu iliyeyuka zamani, lakini miamba ya moto iliyo chini kabisa husogea polepole mno, kwa hiyo ardhi bado haijamaliza kuinuka. Upande wa Uswidi, Höga Kusten, ufuo wa kale uko mita 286 juu ya bahari ya leo. Mji wa Luleå ulilazimika kuhamishwa mwaka 1649, maana bandari ilikuwa haifikiki tena kwa meli. Wasomi wa zama zile waliamini maji ndiyo yanayopungua. Anders Celsius, yule yule wa kipimajoto, alichonga alama mwambani karibu na Gävle mwaka 1731 ili apime kupungua huko.

Mimi ushahidi wangu uko kwenye tope. Maziwa mengi madogo ya huku yalikuwa ghuba, ardhi ikapanda, mlango ukazibika. Ukizamisha bomba la kuchotea tope ziwani na kulifungua, chini unakuta udongo mweusi wa baharini unaonuka yai viza, juu yake tope la kahawia la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Chini ya hadubini, diatomu (viumbe vidogo mno vya majini vyenye ganda) za maji ya chumvi zinatoweka na za maji baridi zinashika nafasi. Ukipima umri wa tope hapo zinapopishana, umejua ni lini ufuo ulikuwa kwenye kimo kile.

Ghuba iliyo mbioni kuzibika wenyeji huiita flada. Kina chake ni kifupi, hupata joto mapema majira ya kuchipua, na hauki na ahven, samaki wanaovuliwa sana huku, huenda kutaga humo. Ardhi mpya, kwa upande wa Ufini, ni mali ya pamoja ya wenye eneo la maji. Ukiwa na nyumba ufukweni, kipande kinachojitokeza mbele ya mlango wako si lazima kiwe chako. Ugomvi haukosekani.

Linalonisumbua zaidi ni ule udongo mweusi. Ukiwa umelowa hauna shida. Mkulima akichimba mitaro ya kukausha shamba, hewa huingia, salfaidi, yaani madini ya salfa yaliyomo udongoni, hugeuka asidi ya salfa, na mvua ikinyesha baada ya kiangazi kikavu asidi hiyo huteremka mitoni pamoja na alumini. Samaki hufa kwa wingi. Lawama hutupiwa hali ya hewa, na kweli ukame unachangia, lakini mtaro ulichimbwa na binadamu.

Mabadiliko ya tabianchi nayo yapo kwenye hesabu. Wastani wa bahari duniani sasa unapanda zaidi ya milimita 3 kwa mwaka, hivyo Kvarken bado ardhi inashinda. Helsinki, ambako ardhi huinuka milimita 3 hivi tu, wanakaribia kutoka sare, na pwani za kusini mwa Bahari ya Baltiki, ambako ardhi haiinuki, zinapoteza.