Mashine nzito si lazima iwe na virusi: yanayodhaniwa dukani na yaliyo kweli

Natengeneza kompyuta katika komini iitwayo Kenya, mjini Lubumbashi, Kongo. Wateja wangu ni wenye depo, maduka ya dawa na vyumba vya fotokopi, na karibu wote hufika na neno moja mdomoni: virusi. Mara nyingi wanamshika asiye mwizi, na mwizi mwenyewe yuko ndani anakula.

"Mashine imekuwa nzito, basi imeingiliwa."

Pengine. Ila kiangazi, nikifungua mashine ya duka la kando ya barabara, nakuta vumbi jekundu limeziba feni. Diski iliyochoka nayo huburuza. Saa ikirudi nyuma miaka kila umeme unapokatika, na tovuti zikakataa kufunguka, betri ndogo ya ndani imekufa: kompyuta hukagua vyeti vya tovuti, yaani hati zinazothibitisha kuwa tovuti ni ya kweli, kwa tarehe yake yenyewe. Mimi hushtuka feni inapovuma wakati mashine haina kazi, antivirusi inapojizima, au linapotokea jina la mtumiaji ambalo hakuna aliyelifungua.

"Flashi ya mteja imefunguka vizuri, kwa hiyo ni safi."

Hapa ndipo vyumba vya kuchapa huumia. Mwanafunzi analeta flashi, folda yake inafunguka, unachapa, analipa, anaenda. Kabla ya kubonyeza, tazama kona ya ile folda: kuna mshale mdogo? Onyesha orodha pamoja na maelezo. Kama safu ya aina imeandikwa "Raccourci" (njia ya mkato) na uzito ni Ko (kilobaiti) 1 au 2, hiyo si folda. Folda ya kweli haiandikiwi uzito kwenye safu ile. Ile ya mwanafunzi imefichwa, na mahali pake pamewekwa njia ya mkato ambayo ukiibonyeza inaamsha programu mbaya kwanza, kisha inakufungulia folda halisi usishuku kitu. Tangu hapo kila flashi inayochomekwa kwenye mashine yako inaondoka na mzigo. Usikimbilie kuiformati: kazi ya mwanafunzi kwa kawaida bado imo, imefichwa tu.

"Sisi wadogo, nani atatutaka?"

Mwezi wa tano 2017, WannaCry, programu mbaya inayofunga mafaili na kudai pesa, ilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache. Haikuuliza ukubwa wa biashara. Ilitafuta Windows yoyote yenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, mwezi wa tatu. Na diski ya akiba inayokaa imechomekwa usiku na mchana hufungwa pamoja na mashine.

"Skrini imepiga king'ora na kutoa namba, nipige haraka."

Usipige. Onyo halisi la Microsoft haliwekwi namba ya simu. Huo ni ukurasa wa intaneti tu. Funga kivinjari, hata kwa nguvu.

"Tumebadilisha neno la siri, mambo yameisha."

Mama mmoja anayeagiza vipuri kutoka Guangzhou alipata ujumbe wa barua pepe kwamba muuzaji wake amebadilisha akaunti ya benki. Kwa bahati alipiga simu kwanza, kwenye namba ya zamani aliyoizoea, si ile iliyokuwa ndani ya ujumbe. Muuzaji hakubadilisha chochote.

"Lakini fundi, neno la siri tulishalibadilisha mara mbili!"

"Mama, tuingie kwenye mipangilio ya barua pepe yako."

Huko tulikuta kanuni moja ambayo hakuna aliyeiweka: kila ujumbe kutoka kwa muuzaji yule uhamishiwe kwenye folda asiyoifungua kamwe, na uhesabiwe umeshasomwa. Neno jipya la siri haliigusi kanuni kama hiyo. Tuliifuta, tukaondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti yake ya barua pepe, tukakagua namba ya simu ya kurejesha akaunti, ndipo tukabadilisha neno la siri mara ya tatu na kuweka uthibitisho wa hatua mbili. Dalili alikuwa nayo siku zote: mtu aliyezoea kumwandikia kila wiki alikuwa amenyamaza, naye akadhani ana shughuli nyingi.

Tulipofungua ile folda, ujumbe wa juu kabisa ulikuwa wa muuzaji, anauliza mbona mama hajibu.