Dalali, fundi na mwenzio wa kiwanja: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Dalali akizingua, mruke umalizane na mwenye nyumba.

Ukweli: Dar es Salaam, mazoea ni dalali kulipwa kodi ya mwezi mmoja kwa nyumba ya kupanga, kwenye mauzo ni maelewano. Ukimruka leo, kesho ndiye uliyemtegemea akuletee wapangaji, na madalali wa eneo moja hupeana habari upesi kuliko unavyodhani. Dawa yake ni kumbana mapema: kabla hamjaenda kuona kiwanja, mkubaliane analipwa na nani, kiasi gani, na kwamba hela inatoka baada ya kusaini. Na usimtegemee akushushie bei. Kama analipwa kwa asilimia, bei ikipanda na yeye anapanda. Huo si ubaya wake, ndiyo kazi yake.

Dhana: Kuandikishana na ndugu ni kukosa adabu.

Ukweli: Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuhamisha miliki ya ardhi uwe wa maandishi. Mkichanga kununua kiwanja, andikeni nani katoa milioni ngapi, nani anasaini, na anayetaka kujitoa analipwaje. Mambo huharibika mmoja akifariki na watoto wake wakakuta jina moja tu kwenye hati.

Dhana: Muuzaji akisema “mke wangu hana neno”, kumhoji zaidi ni kumvunjia heshima.

Ukweli: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Mwambie kwa upole: “Kaka, naomba shemeji naye asaini.” Akipandisha sauti, funga pochi.

Dhana: Fundi msumbufu dawa yake ni kumfukuza.

Ukweli: Mara nyingi alishapewa hela yote msingi haujaisha. Lipa kwa hatua: msingi, lenta, kupaua. Ikibidi muachane, piga picha kazi iliyofika, mlipe chake. Fundi mpya ataiponda kazi ya mwenzake. Wote hufanya hivyo.

Dhana: Mgogoro wa kiwanja humalizwa na mwenyekiti wa mtaa.

Ukweli: Mwenyekiti anafaa kama shahidi anayemfahamu muuzaji. Hata Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Mkishindwana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko wataomba karatasi.